Tangazo la Tatu

Wiki ile Dobi aliunguza shuka mbili za wateja, kitu ambacho hakikuwahi kumtokea tangu ajifunze kushika pasi. Shangazi yake, mwenye duka la kufulia na ndiye aliyemlea, alizigeuza zile shuka, akaziona alama za kahawia zenye umbo la pasi, akafungua mdomo, kisha akaufunga. Tangu uchumba uvunjike alikuwa amejifunza kupima maneno kabla ya kumwambia mtoto wa kaka yake lolote. Aliziweka kando, akasema atazungumza na wenyewe.

Dobi aliibonyeza pasi juu ya kola ya shati la mtu asiyemjua kama vile shati lile ndilo lililomkosea.

Tuseme mambo yalivyokuwa, maana mtaani yalisemwa kwa chumvi nyingi. Katika kanisa lao, watu wawili wakitaka kuoana majina yao husomwa Jumapili tatu mfululizo, na mchungaji huuliza kama kuna mtu anayejua kizuizi. Wakati wote huo watu hugeuza shingo kuwatazama wahusika, watoto hucheka, na mambo huishia hapo. Lakini kila aliyekulia pale alijua jambo jingine ambalo halikuandikwa popote: tangazo la tatu lisiposomwa, maana yake kizuizi kimeletwa, na kimekutwa ni cha kweli.

Dobi alisomwa Jumapili ya kwanza pamoja na mwalimu wa kwaya. Alisomwa ya pili. Jumamosi iliyofuata, wakati shangazi amekwenda kununua wanga, mwalimu wa kwaya alikuja dukani. Hakuingia ndani kama alivyozoea, ila alisimama mbele ya kaunta, wanaposimama wateja, akaanza kuitazama mashine ya kukausha.

"Nimeomba sana juu yetu," alisema. "Mungu hajanipa amani juu yako."

Dobi alimuuliza ana maana gani. Alisema ndiyo maana hiyo, kwamba amelipeleka jambo hili mbele za Mungu na jibu ni hapana, na yeye ni nani hata abishane na jibu la Mungu. Alisema kwa sauti ya upole, ile ile anayowapa wanakwaya wanapokosea noti. Kisha, na hili ndilo Dobi alilolikumbuka kwa uchungu kuliko yote, akauliza kama mashati yake yako tayari.

Yalikuwa tayari. Dobi aliyashusha kutoka kwenye waya, akayakunja moja moja, akayatia kwenye mfuko, akampa. Baadaye alijichukia kwa kuyakunja vizuri namna ile, mikono ya shati nyuma, kola imesimama, na wala hakumwambia alipe.

Kesho yake mchungaji alisoma matangazo. Kikao cha akina mama, ufunguo uliookotwa mlangoni, zamu ya kusafisha uwanja. Akafunga daftari. Kanisa zima likageuka kumtazama Dobi, na safari hii hakuna aliyecheka.

Hapo ndipo midomo ilipopata kazi. Mmoja alisema Dobi ana mtoto aliyemficha kwa bibi yake. Mwingine, ambaye hakuwa hata na haya ya kupunguza sauti, alisema ana mume mji mwingine. Mama mmoja aliyekuwa akileta nguo zake kwa shangazi miaka nenda rudi alizihamishia kwa mtu mwingine, akaeleza kwamba si kwa ubaya, ila siku hizi magonjwa ni mengi. Mwalimu wa kwaya alizisikia zote hizo. Aliendelea kufundisha sauti ya kwanza na ya pili, akasifiwa kwa jinsi anavyovumilia.

Dobi angekuwa ameachwa na mtu tu, angejua la kufanya. Angelia, angemtukana kimoyomoyo, angepungua mwili kidogo, kisha angepona, maana yeye si wa kwanza kuachwa. Lakini aliambiwa kwamba aliyemkataa ni Mungu. Mtu ukikataliwa na Mungu unakwenda kumshtakia nani? Kila alipopiga magoti alijiona kama mtu anayebisha hodi nyumba ambayo ameshaambiwa mwenyewe hataki kumwona. Alinyanyuka bila kusema neno, akarudi kwenye pasi, na hasira ikawa inamtoka mikononi.

Jambo moja tu hakuliacha. Kila Ijumaa alifua kitambaa cheupe cha meza ya Bwana, kazi aliyoifanya bure tangu akiwa msichana mdogo. Shangazi alimwambia aache, wakafue wenyewe hao wenye midomo. Dobi alijibu kwamba kitambaa kile si chao.

Na ilikuwa Ijumaa moja, kitambaa kimetandazwa mezani, kimenyunyiziwa maji, pasi imeshika moto, ndipo maneno yalipomtoka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Hayakuwa maneno mazuri. Alisema kwa sauti, duka likiwa tupu: "Kama ni wewe uliyemtuma, niambie mwenyewe. Sitaki kuambiwa na mtu aliyekuja kuchukua mashati. Mimi kila Ijumaa niko hapa, unajua ninapopatikana."

Hakujibiwa. Alipiga pasi kitambaa mpaka mwisho, akakikunja, akalia. Ila tangu siku hiyo akawa anazungumza, kila Ijumaa, na kila mara kwa ukali. Shangazi aliwahi kumsikia kutoka chumba cha nyuma akadhani anagombana na mteja.

Miezi ikapita. Siku moja mchana aliingia Katibu wa wazee wa kanisa, mtu mnene, mwenye tabasamu analolitoa kabla ya kuomba kitu. Alisifu duka. Alisifu harufu ya sabuni. Shangazi, ambaye hakuwa na subira na kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, alimwambia aseme kilichomleta.

Kilichomleta ni kwamba mwalimu wa kwaya amepata mchumba, msichana wa benki, wa familia nzuri, na sherehe za kuadhimisha miaka ya kanisa zinakaribia, na kwaya inamtegemea yeye, na ingependeza wakifunga ndoa kabla ya hapo. Kulikuwa na kikwazo kidogo. Kwa taratibu zao, mtu aliyekwisha kutangazwa na mmoja hawezi kutangazwa na mwingine mpaka yule wa kwanza aje mbele ya wazee aseme amemwachilia.

"Ni maneno mawili tu, binti yangu," Katibu alisema. "Nimemsamehe, nimemwachilia. Unakwenda zako."

Dobi aliuliza, na tangazo langu la tatu je? Katibu alicheka kidogo, akasema hayo yamepita, ya nini kuyafukua. Dobi akasema basi naye atayaacha yapite, Katibu arudi kwake salama. Tabasamu la Katibu likakauka. Alisema Mkristo hawezi kukaa na kinyongo miezi yote hiyo, ni hatari kwa roho yake. Dobi alimwambia kuhusu roho yake anaongea na aliyeiumba, tena kila wiki.

Kuanzia hapo kila mtu akawa mhubiri. Akina mama wa kikundi cha maombi walileta nguo ambazo hazikuwa hata chafu ili wapate nafasi ya kuegemea kaunta na kuzungumzia msamaha. Mmoja alileta taulo jipya, lina karatasi ya dukani bado. Walisema kumsamehe mtu ni kujifungua mwenyewe. Walisema angalia usije ukazeeka na uchungu. Hakuna aliyekwenda kumwambia mwalimu wa kwaya chochote, kwa sababu mwalimu wa kwaya alikuwa na sauti nzuri.

Shangazi naye alikuwa na lake. Jioni moja walipokuwa wakikunja mapazia, kila mmoja ameshika upande wake, alimwambia amwachie yule mtu aende zake. "Wa nini kwako, mwanangu? Mtu mwenyewe kola yake ilikuwa haitakati hata ukailoweka."

"Simtaki, shangazi. Wakinipa bure simtaki."

"Sasa?"

"Nikimwachilia kimya kimya, nitakuwa nimekubali kwamba kizuizi kilikuwepo. Na nitakuwa nimekubali alichosema kuhusu Mungu."

Shangazi alikunja pazia mara ya mwisho, akakaa juu ya kikapu cha nguo. Aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake, kama Dobi kweli aliamini kwamba Mungu alimkataa. Dobi alisema hajui. Alisema hilo ndilo linalomuua, kwamba hajui.

Kikao cha wazee kilifanyika kwenye chumba cha nyuma ya kanisa, katikati ya ngoma za kwaya, ndoo za kudekia na viti vya plastiki vilivyopandana. Walikuwepo mchungaji, Katibu, mzee mmoja wa zamani mwenye miwani mizito, na mwalimu wa kwaya aliyevaa shati ambalo Dobi alilijua. Katibu alifungua kwa maombi. Alimwomba Mungu alainishe mioyo migumu, ang'oe mashina ya uchungu yaliyomo ndani ya baadhi yetu, awafundishe hasa mabinti kunyenyekea. Yalikuwa maombi marefu, na tangu mwanzo hadi mwisho yalikuwa yanamsema Dobi. Aliposema amina, Dobi hakuitikia.

Alipoulizwa kama yuko tayari kusema lile neno, alisema ana maswali. La kwanza lilikuwa la mchungaji. Mchungaji alikuwa kijana, amehamia pale mwaka ule ule, mtu wa kuongea taratibu. Dobi alimuuliza kwa nini Jumapili ile alipita tu, hakusema kitu.

Mchungaji alisema alitaka kumsitiri. Alisema kule alikotoka uchumba ukivunjika watu hunyamaza, ni heshima kwa binti, na baada ya muda husahaulika. Yule mzee wa miwani akageuka polepole kumtazama. Akamweleza kwamba hapa kwao kunyamaza kuna maana nyingine, na maana yenyewe ni nini.

Mchungaji aliuliza mbona hakuna aliyemwambia. Kisha akamtazama Katibu, kwa kuwa ni Katibu aliyempelekea habari asubuhi ile na kumshauri asitaje kitu. Katibu alikohoa, akasema kwamba wakati ule ilionekana busara, kwamba kwaya ilikuwa kwenye maandalizi, kwamba haikufaa mtu muhimu achafuliwe.

Damu ilimchemka Dobi mpaka masikioni. Alijua sasa kwamba kulikuwa na mtu aliyejua kabisa watu watafikiri nini, na akakaa kimya, kwa ajili ya kwaya. Alipiga moyo konde, hakumwambia Katibu neno. Alikuwa na swali la pili, na hilo ndilo lililomleta.

Alimgeukia mwalimu wa kwaya. "Uliniambia umeomba, Mungu akakataa. Nataka uniambie uliomba lini, na alikwambia nini kuhusu mimi."

Mwalimu wa kwaya alisema amani ni jambo la moyoni, si rahisi kulieleza. Alisema Mungu husema kwa njia nyingi. Alizunguka huko na huko, akagusa nyimbo, akagusa ndoto, akamwangalia Katibu amwokoe. Dobi alimsubiri amalize.

"Sijakuuliza Mungu husemaje. Nimekuuliza kama uliomba."

Nje mtu alikuwa akifagia uwanja, ufagio ukisikika unakwenda na kurudi. Mwalimu wa kwaya aliinamisha kichwa.

"Sikuomba," alisema.

"Sema tena."

"Sikuomba. Rafiki zangu walinitania kwamba naoa mtu anayefua nguo za ndani za watu. Nikaona haya. Sasa nikwambieje? Nikasema ni Mungu, kwa sababu hilo usingeweza kubishana nalo."

Dobi alipiga meza kwa kiganja, ngoma moja ikaitikia pembeni. "Ungesema hunitaki," alisema. "Ningelia wiki mbili nikanyamaza. Kufua nguo nisingeona aibu, maana hata hilo shati ulilovaa nimelitakatisha mimi. Lakini wewe umenifanya nimwogope Mungu. Miezi yote hii napiga magoti naona kama nimefukuzwa. Unajua hilo ni kitu gani kumfanyia mtu?"

Yule mzee alivua miwani akawa anaipangusa, akaendelea kuipangusa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Kisha Dobi akatoa masharti, yakiwa mafupi. Jumapili mchungaji asome kwamba hakuna kizuizi chochote kilicholetwa juu yake. Na mwalimu wa kwaya asimame mwenyewe, palepale mbele, aseme alichosema sasa hivi. Hayo yakifanyika atamwachilia siku hiyo hiyo mbele ya wote.

Katibu aliruka kama aliyemwagiwa maji. Alisema haiwezekani, huko ni kumdhalilisha mtumishi mbele ya kusanyiko. Dobi akamwambia yeye alidhalilishwa mbele ya kusanyiko hilo hilo, na hawakuitisha kikao. Katibu akabadilisha njia. Akasema kwa sauti nzito kwamba mtu mwenye moyo wa namna hii hastahili kukaribia meza ya Bwana, na huenda wazee wakalazimika kulitazama jambo hilo.

"Mzee," mchungaji alisema, na ilikuwa mara ya kwanza wote kumsikia akipandisha sauti, "usimtishe mtu kwa meza ambayo si yako. Niliyekosea kusoma ni mimi, na nitasoma."

Jumapili kanisa lilijaa kuliko kawaida, kwa sababu habari haina mlango. Dobi alikaa karibu na shangazi, benchi lao la siku zote. Alikuwa amemwambia shangazi njiani kwamba yule mtu hatasimama, atapata homa, atasingizia safari, na yeye atarudi nyumbani akiwa kituko mara ya pili. Shangazi alimwambia asipotokea wataimba bila yeye.

Alitokea. Mchungaji alisoma kikao cha akina mama na zamu ya usafi, kisha akaliweka daftari chini. Alimtaja Dobi kwa jina lake kamili. Alisema juu ya binti huyu hakuna mtu aliyeleta kizuizi, si kikubwa wala kidogo, na kwamba tangazo lake la tatu halikusomwa kwa kosa lake yeye mchungaji, ambaye alinyamaza akidhani anamsitiri. Aliomba msamaha, akamtazama Dobi usoni wakati akiomba. Yule mama aliyehamisha nguo zake alianza kutafuta kitu ndani ya mkoba.

Mwalimu wa kwaya alisimama mbele ya waimbaji wake. Sauti yake nzuri haikumsaidia, ilitoka nyembamba, ikabidi mtu wa nyuma aombe arudie. Akarudia. Alisema alisingizia Mungu, kwamba hakuwa ameomba, kwamba aliona haya kwa sababu ya kazi ya binti yule. Mchumba wake wa benki, aliyekaa na wazazi wake mstari wa pili, alimtazama kama mtu anayesoma risiti yenye kitu ambacho hakununua.

Mchungaji akamuuliza Dobi kama anamwachilia. Dobi alisimama, ameshika mgongo wa benchi la mbele.

"Nimemwachilia. Aoe."

"Na umemsamehe?" Katibu alirusha swali kutoka kiti chake cha pembeni, haraka, kabla Dobi hajakaa.

"Bado," Dobi alisema. "Hilo naliomba. Nikilipata nitakuja kulisema hapahapa. Siwezi kulisema leo halafu liwe uongo. Wa kutosha umeshasemwa humu ndani."

Kwenye mabenchi ya nyuma sauti ya kizee ikasema amina, nyingine ikaifuata, na Katibu akajifanya anapanga bahasha za sadaka. Shangazi alimsogelea Dobi mpaka mabega yao yakagusana, huku akivuta makamasi ya kilio.

Mchungaji akasema tuombe. Watu wakainama. Dobi naye akainama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mashati hakujiona kama anabisha hodi. Mbele yake aliyaona mabega ya mwalimu wa kwaya, na hasira ikampanda upya, nzima, haijapungua hata kidogo, akajua kwamba itabidi akae nayo siku nyingi. Hakuificha. Aliongea chini kwa chini, kwa ukali ule ule wa Ijumaa.

"Bado nina hasira naye, Baba, tena sana. Lakini wewe nilikukasirikia bure. Hukunikataa."